Jani Moja Limegusa Mzinga

Babu alikuwa na mizinga arobaini na kitu katika misitu ya Sikonge, kusini mwa Tabora mjini, na kila mwaka kabla miti haijachanua alinichukua kwenda kuikagua. Kupanda mti sikuruhusiwa. Kazi yangu ilikuwa kubaki chini na kutazama. "Zunguka mti wote," ananiambia kutoka juu, "uniambie kama kuna kitu kinagusa."

Mizinga yake ilikuwa ya magogo. Kila mmoja aliutundika kwa nyaya mbili kutoka kwenye tawi nene, na nyaya zenyewe alizipaka grisi aliyoipata kwa mafundi wa matrekta. Mzinga ukiwa unaning'inia hivyo, nyegere anahangaika kuufikia, na siafu akishuka kwenye waya anakwama kwenye grisi. Siku moja nilizunguka mti, nikamjibu hakuna kitu. Akashuka, akazunguka mwenyewe, akasimama upande wa magharibi na kuninyooshea kidole. Kitawi cha mti wa jirani, chembamba kama njiti ya kiberiti, kilikuwa kimeinama, na jani lake la mwisho limeegemea mfuniko wa mzinga. Upepo ukivuma linaachia. Ukitulia linagusa.

"Siafu hataki barabara," Babu aliniambia. "Anataka jani moja tu."

Nilikuwa na miaka kumi hivi. Baadaye sana, katika maabara moja Uingereza, nilipoteza wiki mbili nikitafuta jani la aina hiyohiyo.

Nilifikaje huko? Februari 2016 nilikuwa nasoma uhandisi mitambo Dar es Salaam. Tarehe 11 mwezi huo ilitangazwa kwamba mawimbi ya uvutano, yaani mikunjo midogo ya anga yenyewe inayosafiri kama viwimbi juu ya maji, yamenaswa. Einstein aliyatabiri mwaka 1916, na kwa miaka mia moja hakuna aliyeyapata moja kwa moja. Wimbi lenyewe lilikuwa limepita tarehe 14 Septemba 2015, likanaswa na vigunduzi viwili vya LIGO huko Marekani, kimoja Hanford katika jimbo la Washington na kingine Livingston katika jimbo la Louisiana. Lilitoka kwa mashimo meusi mawili, kila moja lenye uzito wa jua letu mara thelathini hivi, yaliyozungukana mpaka yakamezana, umbali wa miaka ya nuru takriban bilioni 1.3 kutoka hapa.

Wenzangu darasani walizungumzia mashimo meusi wiki nzima. Mimi macho yangu yaliganda kwenye mchoro mmoja niliouona kwenye simu: kipande cha kioo cha kilo 40, cha mviringo kama chapati nene ya upana wa sentimita 34, kinaning'inia kwa nyuzi nne za kioo. Nikauona mzinga wa Babu.

Kigunduzi cha LIGO kina mikono miwili, kila mmoja wa kilomita 4. Mwanga wa leza unakwenda hadi kwenye kioo cha mwisho na kurudi, na wimbi la uvutano likipita, mkono mmoja unarefuka kidogo huku mwingine ukifupika. Kidogo kiasi gani? Wimbi lile la 2015 lilibadili urefu wa kilomita 4 kwa kiasi ambacho ni kidogo mara mamia kuliko upana wa protoni moja, chembe iliyo ndani ya kiini cha atomu. Wakati huohuo ardhi iliyobeba mitambo hiyo inatetemeka, mara mabilioni kuliko hivyo. Lori linapita, upepo unasukuma jengo, mawimbi ya bahari yanapiga pwani mamia ya kilomita mbali na mtikiso wake unafika ndani ya nchi. Livingston imezungukwa na msitu wa misonobari unaokatwa mbao, na treni hupita si mbali. Niliposoma hilo nilijiona nasoma habari za kwetu: miti inaanguka upande huu, behewa zinagongana upande ule, na katikati yake mtu anataka kitu kimoja kitulie.

Ukitaka kitu kitulie, akili ya kwanza inakuambia ukikaze. Kichomelee kwenye sakafu, kijengee zege. Lakini kitu kilichokazwa kwenye ardhi kinafuata ardhi, kila inapotikisika nacho kinatikisika. Dawa yake ni kukitundika.

Funga jiwe kwenye uzi wa robo mita, ushike ncha ya juu. Sogeza mkono polepole, jiwe linakufuata. Sogeza kwa mwendo wa mara moja kwa sekunde, ambao ndio mwendo wa jiwe lenyewe, litacharuka na kubembea kuliko mkono wako. Sasa tikisa haraka, mara kumi kwa sekunde: mkono unahangaika, jiwe limetulia kama halina habari. Kwa hesabu, kinacholifikia ni kama sehemu moja kwa mia ya mtikiso wa mkono. Chini ya jiwe hilo tundika jiwe la pili, nalo litapokea karibu sehemu moja kwa mia ya kile kilicholifikia la kwanza. Vioo vya LIGO vimetundikwa kwa ngazi nne, moja chini ya nyingine, na ngazi hizo zote zinaning'inia kwenye jukwaa lenye vipima mtetemo, linalosikia ardhi inakoelekea na kujisukuma kinyume chake. Virgo, kigunduzi cha Italia kilicho karibu na Pisa, kina mnyororo wa ngazi nyingi zaidi ndani ya mnara wa karibu mita 8.

Inanisikitisha kwamba shuleni kwetu somo la pendulamu linaishia pale mwanafunzi anapopata thamani ya g, yaani nguvu ya mvutano wa dunia. Anahesabu mibembeo ishirini, anagawanya, anachora grafu, anafunga daftari. Uwezo mkubwa kuliko wote wa kamba na jiwe, ule wa kukataa kutikiswa, hatajiwi hata siku moja.

Uzi peke yake hausaidii mtikiso wa juu na chini, kwa hiyo kila ngazi ya juu inashikiliwa na springi bapa za chuma kigumu zilizopindwa, ambazo mzigo ukikaa zinanyooka na kuwa tambarare. Nilipofika kwenye ile maabara ya Uingereza nilimuuliza msimamizi wangu: kama mwanga unakwenda mlalo, mtikiso wa wima unatuhusu nini? Akachora duara ubaoni. Dunia ni mviringo, na vioo viwili vilivyoachana kilomita 4 havining'inii sambamba. Kila kimoja kinaelekea katikati ya dunia, kwa hiyo wima wa hiki si wima wa kile. Ndani ya kila mtikiso wa juu na chini kuna chembe inayovujia kwenye mlalo. Tangu siku hiyo siwezi kutazama timazi ya fundi mwashi bila kukumbuka duara lile.

Kazi niliyopewa mimi ilikuwa kwenye ngazi ya mwisho, ile ya nyuzi za kioo. Mtu wa kawaida atauliza kwa nini usitumie waya wa chuma, na kweli LIGO ya mwanzo ilitumia waya wa chuma. Shida ni joto. Kitu chochote chenye joto, chembe zake zinachezacheza, na uzi unaoshika kioo nao unacheza. Huwezi kuuondoa mchezo huo, ila unaweza kuchagua mahali utakapojikusanya. Gonga ubao, unasikia "du" na sauti imekufa. Gonga bilauri nzuri ya kioo, inalia kwa sauti moja na haikatiki upesi. Kitu kinacholia muda mrefu hivyo kina msuguano mdogo sana ndani yake, na mchezo wake wa joto hukusanyika kwenye zile sauti zake chache, huku ukiacha kimya sehemu nyingine ambamo wimbi litasikika. Kioo safi cha silika, madini yaleyale ya mchanga, kinalia muda mrefu kuliko chuma chochote cha waya. Ndiyo maana ngazi mbili za mwisho za LIGO ni silika tupu: kioo cha juu, nyuzi, na kioo cha chini, vimeunganishwa kwa leza na kwa gundi ya kikemia nyembamba kiasi kwamba vinakuwa kama kitu kimoja.

Uzi unavutwa kutoka kwenye kijiti cha silika chenye unene wa milimita 3. Leza ya kaboni dioksidi inakizunguka mpaka kinawaka weupe unaouma macho, na mashine inavuta ncha mbili kwa kasi iliyopangwa. Unatoka uzi wa sentimita 60 wenye unene wa milimita 0.4. Karibu na ncha unaachwa mnene, kama milimita 0.8, kwa sababu hapo ndipo unapopinda, na unene huo umehesabiwa ili madhara mawili ya joto, kutanuka na kubadilika kwa ugumu, yafutane. Uzi mmoja unabeba kilo 10. Ni kama ndoo ya maji inayoning'inia kwenye kitu ambacho ukikiweka mbele ya ukuta mweupe hukioni.

Uzi huo ukiwa mpya haujaguswa, una nguvu kuliko vyuma vingi. Ukiguswa, umekwisha.

Katika mwezi wangu wa pili nilivuta uzi mzuri kuliko yote niliyokuwa nimevuta. Niliupima unene kila milimita, mchoro ukatoka laini. Nikauhamisha kwenye fremu ya majaribio, nikishika ncha zake nene tu kama nilivyofundishwa, nikafunga boksi la kinga na kuanza kuongeza mzigo. Kabla mzigo haujafika kilo 10 nikasikia mlio mkavu, kama kitawi kinachokanyagwa msituni kiangazi. Ndani ya boksi hapakuwa na uzi. Palikuwa na ungaunga uliotapakaa, unameta.

Fundi wa maabara, mama mmoja mtu mzima aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi, aliniuliza swali moja: "Uliugusa?" Nikasema hapana, na niliamini ninachosema. Hakubishana. Alitafuta kipande kilichobaki kwenye ncha, akakiweka chini ya hadubini, akaniita nitazame. Mahali kioo kilipoanza kupasuka panaacha alama: duara ndogo laini kama kioo cha kujitazamia, kisha ukwaruzo unasambaa kutoka hapo. Ufa ulikuwa umeanzia juu ya ngozi ya uzi, upande uliokuwa ukinielekea mimi wakati wa kuuhamisha. Akanishika mkono, akaukunjua mkunjo wa glavu yangu kwenye kifundo. Mkunjo ule ulikuwa umepita juu ya uzi. Kitambaa laini cha chumba safi, kwa muda usiofika sekunde.

Sikulala vizuri usiku ule. Kupoteza uzi si hoja, uzi unavutwa mwingine. Kilichoniumiza ni kwamba nilisema "hapana" kwa moyo mweupe na nilikuwa nimekosea. Nilikuwa nimeangalia vidole vyangu tu, sikuangalia mkono wote. Tangu hapo kabla ya kuhamisha uzi nilijizoeza kusimama na kujiuliza kila sehemu ya mwili wangu iko wapi: kiwiko, nywele chini ya kofia, pumzi.

Niliposimuliwa yaliyowapata wenzetu wa Virgo, niliona si mimi tu. Walipokuwa wakiandaa mtambo wao mpya, vioo vyao vilivyotundikwa kwa nyuzi za silika vilianza kukatika nyuzi ndani ya ombwe, yaani chumba kilichoondolewa hewa, pasipo mkono wa mtu. Walipochunguza wakakuta ni vumbi: chembe zilizotoka kwenye mfumo wa pampu, zikarushwa na hewa mpaka zikagonga uzi. Muda ulikuwa unakwenda, wakaamua kurudi kwenye nyaya za chuma, wakakubali kelele zaidi kuliko kukosa kabisa. Tarehe 1 Agosti 2017 wakajiunga na LIGO. Siku ya 14 mwezi huohuo vigunduzi vitatu vikanasa wimbi moja kwa pamoja, na siku ya 17 likapita wimbi la nyota mbili za nyutroni, ambalo kwa msaada wa Virgo mahali lilipotoka palijulikana vizuri kiasi cha darubini kupageukia na kuuona mwanga wake. Nyuzi za kioo walizirudisha mwaka 2018, baada ya kurekebisha pampu na kuweka kinga. Nawaheshimu sana watu wale kwa uamuzi ule wa chuma. Ni rahisi kung'ang'ania kitu kizuri mpaka msimu upite.

Sasa zile wiki mbili. Nilikuwa nimehamishiwa kwenye kielelezo cha majaribio cha ngazi tatu. Tunatikisa juu, tunapima chini, tunachora. Mchoro unapaswa kuteremka kama mlima: kadiri mtikiso unavyokuwa wa haraka, ndivyo kinachofika chini kinavyopungua. Wangu uliteremka vizuri, kisha ukifika karibu na mitikiso minane kwa sekunde unakuwa tambarare. Kitu kilikuwa kinapita. Nilibadilisha vipimio, nikabadilisha vikuza mawimbi, nikaandika upya programu ya kuchora. Nikarudia hesabu usiku kucha. Msimamizi akaniambia huenda ni kelele ya umeme, nikatafuta kelele ya umeme.

Jioni moja ya wiki ya pili wenzangu walikuwa wameondoka. Nilikuwa nimekaa sakafuni, nimechoka, natazama fremu kutoka chini kwenda juu, kama nilivyokuwa nikitazama mti nikiwa mtoto. Nikajikuta nainuka. Nikachukua tochi ndogo, nikaanza kuzunguka fremu taratibu, jicho kwenye kila uwazi kati ya kilichotundikwa na kisichotundikwa. Hapo unatakiwa uone mwanga unapita kila mahali. Nilipofika upande wa nyuma, uwazi mmoja haukuwa na mwanga. Waya wa kisumaku cha umeme cha ngazi ya chini, mwembamba kama uzi wa kushonea, ulikuwa umelegea kwenye kibanio chake na tumbo lake limeegemea fremu. Nilipopuliza, ukaachia. Nilipoacha kupuliza, ukagusa.

Nilicheka na kulia kwa pamoja, peke yangu. Niliurudisha kwenye kibanio, nikapima upya, na mchoro ukateremka mpaka chini kabisa. Waya usiofika gramu moja ulikuwa umezipita ngazi zote, ukaleta mtikiso wa sakafu hadi kwenye kioo.

Babu alikuwa ameshafariki. Nilimpigia mama simu usiku uleule nikamweleza, naye akaniuliza kama huko kuna siafu.

Sasa nafundisha fizikia Tabora mjini, katika shule ambayo injini ikipanga mabehewa ya Mwanza na ya Kigoma, vioo vya madirisha vinasema. Watu wengi walidhani nimerudi nyuma. Mimi naona nimepata maabara yenye chanzo cha mtikiso cha bure. Fundi wa kuchomelea alitutengenezea kiunzi cha chuma. Ngazi ya kwanza ni kopo la maziwa lililojazwa mchanga, ya pili vilevile, na chini yake kioo kidogo cha mkobani, vyote kwa mshipi wa kuvulia samaki. Kalamu ya leza ya sokoni inapiga kioo, doa jekundu linaangukia ukuta wa mbali.

Kwanza tuliweka kioo juu ya meza. Injini ilipopita doa likageuka ukungu mwekundu, likitetema upana wa kiganja. Kisha tukakitundika na kusubiri injini nyingine. Mtetemo mwembamba haukuonekana tena, doa likabaki na ukingo mkali. Ila lilibembea, huku na kule, taratibu, dakika nyingi, halitaki kusimama. Huo ndio mwendo wake wenyewe, na kadiri ulivyotundika kwa usafi ndivyo usivyokufa.

Wanafunzi wakapendekeza tuutulize kwa kitu kizito cha majimaji. Mmoja akasema oili, mwingine asali, na Tabora asali haikosekani. Tukafunga kipande cha bati chini ya kopo la juu, kikazama ndani ya kikombe cha asali nyeusi ya miombo. Doa likatulia ndani ya nusu dakika. Darasa likapiga makofi, isipokuwa binti mmoja wa kidato cha nne aliyekaa karibu na dirisha.

"Madam, si ulisema kisiguswe na kitu?"

Miaka yangu yote ya kufundisha sijapata swali zuri kama hilo. Asali inagusa kikombe, kikombe kinagusa kiunzi, kiunzi kinagusa sakafu: tumejenga daraja kwa mikono yetu. Nikamwambia aje mwenyewe ahamishe bati kwenye kopo la chini, tupime, kisha alirudishe juu, tupime tena. Lilipokuwa chini, kila mtu akikanyaga sakafu doa linashtuka. Lilipokuwa juu, linashtuka kwa kiasi tusichoweza kukiona, kwa sababu mtikiso unaopitia kwenye asali bado una ngazi za kushuka kabla haujakifikia kioo. LIGO nao wanatuliza ngazi ya juu kabisa, kwa vipimio, sumaku na koili. Na kioo cha chini wakitaka kukisogeza, hawakisukumi kutoka sakafuni. Wanakisukuma kutoka kwenye mnyororo wa pili wa ngazi nne, uliotundikwa sambamba nyuma yake, ili hata kinachosukuma kiwe kimetulia.

Binti aliandika ukurasa mzima, hakuniuliza tena kitu siku hiyo.

Jumatatu tulipofungua maabara tukakuta mstari mweusi. Sisimizi walikuwa wamepanda mguu wa kiunzi, wakavuka bomba la juu, wakashuka kwenye mshipi, wakapita juu ya kopo na kuingia kwenye kikombe kwa kufuata bati. Wengine wameshazama, wengine wanarudi na mzigo. Nikawaambia wanafunzi Babu alifanya nini na nyaya zake. Yule binti, ambaye mjomba wake ana gereji, alikuja kesho yake na kikopo cha grisi kilichofungwa kwa mfuko wa nailoni.

Nilimkabidhi kijiti cha kupakia. Akakiweka mezani, akainama, akaanza kukizunguka kiunzi polepole, akitazama kila uwazi kutoka juu mpaka chini.